Kununua gari kabla ya kuhamia jimbo jingine Marekani, au baada? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wanaohama ndani ya Marekani: kutoka Dayton kwenda Dallas, kutoka Louisville kwenda Atlanta, kutoka Portland ya Oregon kwenda Seattle. Kila jimbo lina sheria zake za magari. Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba karatasi zilizokubaliwa Ohio zitakubaliwa vivyo hivyo Georgia.

Kwa kifupi, ninunue kabla ya kuhama au baada?

Angalia tarehe tatu: siku utakayonunua, siku gari litakaposajiliwa kwa jina lako, na siku utakapoanza kuishi jimbo jipya. Kama kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna chini ya siku 90, na una gari linalotembea, subiri ufike. Ukinunua wiki mbili kabla ya kuondoka utakwama katikati. Pleti (bamba za namba za gari) za muda zitaisha ukiwa njiani au ukiwa unatafuta nyumba, pleti za kudumu na taito (hati ya umiliki wa gari) zitapelekwa kwenye anwani uliyohama, na kodi huenda ukailipa kwa majimbo mawili.

Kuna hali ambazo kununua kabla ni bora. Ya kwanza ni mkopo. Benki hutaka kuona hati za mshahara na muda uliokaa kazini, na aliyefika jimbo jipya juzi, hajapokea hata mshahara wa kwanza, hupewa riba kubwa au hukataliwa. Usifiche kwamba unahama. Barua ya ajira mpya yenye kiwango cha mshahara hukubaliwa na wakopeshaji wengi. Ya pili ni kazi yenyewe. Viwanda vingi vya nyama vya Iowa, Nebraska na Texas ya kaskazini viko kwenye miji ambayo huwezi kutegemea basi kwenda zamu ya alfajiri, na kuomba lifti kwa miezi kadhaa hukufukuzisha kazi. Ya tatu ni fundi. Mahali unapoishi sasa unamjua fundi mwaminifu wa kukagua gari kabla hujalipa. Kule unakokwenda humjui mtu.

Kodi ya mauzo nalipa jimbo nililonunulia au jimbo ninaloishi?

Kwa kawaida kodi hufuata mahali gari linaposajiliwa. Ukinunua kwa mtu binafsi, muuzaji hakati kodi. Utailipa mwenyewe siku ya kusajili. Ukinunua kwenye yadi, mara nyingi yadi hukata kodi papo hapo, na hapo ndipo penye mtego: uliza imekata kodi ya jimbo gani na kiasi gani, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Majimbo mengi huihesabu kodi uliyolipa kwingine, ukamalizia tofauti tu, lakini hutaka risiti yenye jina lako, namba ya chesisi na kiasi cha kodi kikiwa kimeandikwa peke yake. Risiti inayosema jumla tu haisaidii.

Tuchukue gari la dola 12,000.

Georgia haina kodi ya mauzo ya kawaida kwa magari. Ina kodi inayoitwa TAVT, ambayo hulipwa mara moja. Mkazi anayenunua hulipa 7%, yaani dola 840. Mhamiaji anayeingia na gari alilosajili jimbo jingine hulipa 3% ya thamani ya gari, hapa dola 360. Watu huona ile 3% wakakimbilia kununua Ohio kabla ya kuhama. Lakini kwenye kaunti ya Ohio yenye kodi ya 7% umeshalipa 840, na Georgia itadai 360 zake hata hivyo. Jumla ni 1,200. Aliyesubiri akanunulia Atlanta amelipa 840. Ile 3% ni nafuu kwa mwenye gari la siku nyingi. Anayenunua leo ili ahame mwezi ujao hapati nafuu yoyote.

Texas hutoza 6.25%, sawa na dola 750. Mhamiaji ambaye gari lake lilikwisha kusajiliwa kwa jina lake jimbo jingine halipi asilimia hiyo, hulipa dola 90 tu. Kwa aliyenunua Kentucky kwa kodi ya 6%, hesabu ni 720 na 90, jumla 810. Tofauti na kusubiri ni dola 60, kwa hiyo Texas kodi isikuamulie. Neno la kushika ni “lilisajiliwa kwa jina lako”. Gari lililonunuliwa na kuletwa likiwa na pleti za muda, au kwa jina la shemeji, halipati ile 90. Tena, kwa mauziano ya watu binafsi Texas ina thamani yake ya kukadiria, na hutoza kodi kwenye bei uliyolipa au 80% ya thamani hiyo, ipi iliyo kubwa. Kuandika dola 1,000 kwenye karatasi ilhali gari lina thamani ya 12,000 hakupunguzi kodi, na ni kosa la kisheria.

North Carolina hutoza 3%, lakini gari lililokuwa na taito ya jina lako jimbo jingine kwa siku 90 au zaidi lina kikomo cha dola 250. Washington nayo ina siku 90: mkazi wa kweli wa jimbo jingine aliyetumia gari lake huko kwa siku hizo kabla ya kuhamia hasamehewi usajili, ila husamehewa kodi ya matumizi. Kwa anayetoka Oregon, ambako gari lililotumika halina kodi ya mauzo, na kwenda maeneo ya Seattle ambako kodi hupita 10%, hizo ni zaidi ya dola 1,200 kwenye gari letu la mfano. Huyo ndiye wa kununua mapema, miezi minne kabla ya kuhama.

Basi nitumie anwani ya rafiki aliyeko Oregon au Montana, kusiko na kodi ya mauzo?

Hapana. Jimbo unaloishi litakudai kodi, faini na riba. Baya zaidi, kampuni ya bima iliyoambiwa gari linalala Oregon kumbe linalala Tacoma, Washington, inaweza kukataa kulipa baada ya ajali.

Nikishahama, nina siku ngapi za kusajili gari?

Massachusetts na Arizona hutaka usajili mara tu unapokuwa mkazi. Florida ni siku 10 tangu uanze kazi au uandikishe mtoto shule. Kentucky ni 15, California 20. Texas, Georgia, Ohio, Iowa na Washington ni 30. Minnesota ni 60. Siku hazihesabiwi tangu unapoamua kubaki. Mkataba wa nyumba, kazi, au mtoto kuandikishwa shule ndivyo vinavyokufanya mkazi. Wanafunzi na wanajeshi wana sheria zao, na mara nyingi huruhusiwa kubaki na pleti za jimbo la nyumbani.

Katika majimbo mengi fuata mpangilio huu usije ukazungushwa, ila Texas hutaka gari lisajiliwe kabla ya leseni: bima ya jimbo jipya kwanza, kisha leseni ya jimbo jipya, kisha ukaguzi kama unatakiwa, mwisho taito na pleti. Georgia kwa mfano haitakusajilia gari bila leseni au kitambulisho cha Georgia. Ofisi nazo zinatofautiana. Texas ni ofisi ya kodi ya kaunti, na fomu ni 130-U. Kentucky ni kwa karani wa kaunti, baada ya gari lililotoka nje ya jimbo kukaguliwa na ofisi ya sherifu. Ohio taito hutolewa kwenye ofisi ya taito ya karani wa mahakama, na pleti kwenye ofisi nyingine.

Taito ni nini hasa, na niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Taito ndiyo hati ya umiliki, sawa na logbook ya Kenya au kadi ya gari ya Tanzania. Karatasi ya usajili inayokaa ndani ya gari siyo taito, na hati ya mauziano mliyoandikiana siyo taito.

Ishike mkononi uisome polepole. Kwanza namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17: ilinganishe na ile iliyo kwenye dashibodi, upande wa dereva, inayosomeka kupitia kioo cha mbele, na ile ya stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Zote tatu zifanane, tarakimu kwa tarakimu. Pili, jina la muuzaji. Liwe lile lile la kwenye kitambulisho chake. Akikuambia “mwenye gari ni rafiki yangu, alishasaini”, maana yake gari halijawahi kuwa lake, na ofisi ya jimbo jipya inaweza kukurudisha ukamtafute mwenye jina, ambaye pengine hajulikani aliko. Tatu, sehemu ya mdai. Kama kuna jina la benki, dai barua ya benki inayosema deni limekwisha. Nne, maneno yaliyochapwa kama “salvage”, “rebuilt” au “flood”: gari liliwahi kuhesabiwa limekufa, limefufuliwa, au lilizama kwenye mafuriko.

Maneno hayo wakati mwingine hupotea. Wapo wanaohamisha gari kutoka jimbo moja hadi jingine ili taito mpya itoke safi, kwa kuwa majimbo hayatumii alama zinazofanana. Kwa hiyo usiishie kwenye karatasi. Lipia ripoti inayochota kwenye mfumo wa taifa wa taito, unaoitwa NMVTIS. Ingiza pia namba ya chesisi kwenye ukurasa wa bure wa NICB, shirika la kampuni za bima la kupambana na wizi na ulaghai, kuona kama gari liliibwa au liliandikiwa hasara na bima, na kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali kuu ya usalama barabarani, kuona kama kiwanda kimeliita lirudishwe kutengenezwa bure. Mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata bado imo kwenye magari mengi ya zamani, na hiyo imeua watu.

Mwisho, usisaini wala usijaze chochote mapema. Ohio, Kentucky na North Carolina hutaka muuzaji asaini taito mbele ya notari. Kosa moja la tarakimu lililofutwa kwa wino mweupe hubatilisha hati nzima, kisha muuzaji aombe nyingine. Maili za kwenye mita lazima ziandikwe kwa gari la mwaka 2011 na kuendelea, hadi litimize miaka 20. Na kama mnaandikishwa wawili, mke na mume, uliza maana ya neno linalowekwa kati ya majina yenu. “Na” (and) humaanisha siku ya kuuza wote wawili wasaini. “Au” (or) huruhusu mmoja peke yake katika majimbo mengi.

Muuzaji anasema atanitumia taito kwa posta. Nikubali?

Kwa mtu binafsi, usikubali, hata awe mtu wa kanisa lenu au msikiti wenu. Mkutane kwenye ofisi ya taito, au benki inayomdai, mmalize hapo hapo. Yadi iliyosajiliwa inaruhusiwa kushughulikia taito baada ya mauzo, lakini ukiwa unahama waambie kwa maandishi ni jimbo gani litakalosajili gari. Wakisajili jimbo la zamani kwa mazoea, utarudia kazi yote na ada zote.

Gari langu lina mkopo. Naruhusiwa kuhama nalo?

Ndiyo, ila soma mkataba. Mingi hutaka umjulishe mkopeshaji anwani mpya, na mingine hutaka kibali kabla gari halijatoka jimboni kwa kudumu. Taito mara nyingi iko kwa mkopeshaji, na siku hizi huwa ya kielektroniki, kwa hiyo huwezi kuibeba. Kinachofanyika ni kwamba ofisi ya jimbo jipya, au wewe mwenyewe, mnamwomba mkopeshaji aitume. Hilo huchukua wiki, si siku. Piga simu mwezi mmoja kabla ya kuhama na uulize mambo mawili: taito inatumwa kwa ofisi ipi, na wanahitaji fomu gani. Ukisubiri hadi siku ya 25 kati ya 30, muda utakupita huku hati iko njiani.

Wenye mkopo wa yadi zinazokopesha zenyewe wawe waangalifu zaidi. Magari mengi ya yadi hizo hufungwa kifaa cha kufuatilia, na mengine kifaa cha kuzima injini. Gari likionekana maili 900 kutoka yadini bila taarifa, wanaweza kudhani umetoroka nalo.

Bima itapanda?

Inaweza kupanda au kushuka, na haifuati bei ya gari peke yake. Inafuata sana anwani gari linapolala. Omba makadirio kwa msimbo wa posta wa nyumba mpya kabla hujachagua gari, kwa kuwa gari lile lile linaweza kukugharimu kiasi tofauti kabisa Detroit na Columbus. Aina ya bima nayo hubadilika. Texas hudai angalau 30/60/25: dola 30,000 kwa kila majeruhi, 60,000 kwa ajali nzima, 25,000 kwa mali. Minnesota na Florida ni majimbo ambayo bima yako mwenyewe hulipa kwanza matibabu yako, kwa hiyo lazima ununue kinga hiyo: dola 40,000 Minnesota, 10,000 Florida. Kampuni ndogo huenda haifanyi kazi jimbo jipya. Usikate bima ya zamani hadi mpya ianze, hata kwa siku moja.

Kuna tofauti gani kati ya gari la kusini na la kaskazini?

Chumvi. Minnesota, Ohio, Maine na majirani zao humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula chuma kutoka chini, mahali usipopaona. Rangi inaweza kung’aa kama mpya huku fremu imeoza. Anayetoka Texas kwenda Minnesota ana sababu nzuri ya kununua kabla, kwa maana anapata gari lisilo na kutu. Anayetoka Maine kwenda Carolina asubiri, achague kule.

Ukikagua gari la kaskazini, lala chini na tochi, au fundi alipandishe. Kutu ya rangi ya chungwa juu juu ya ekzosi ni ya kawaida. Angalia mabomba membamba ya breki yanayopita pembeni kuelekea nyuma: yakiwa yamevimba na kubanduka magamba, bei ishuke au uondoke, kwa sababu yakipasuka kanyagio la breki huzama hadi sakafuni. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi, hasa mbele ya magurudumu ya nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, au bisibisi inazama. Lami nyeusi iliyopulizwa juzi chini ya gari zima ni ya kutiliwa shaka.

Gari la kusini likienda kaskazini linahitaji maandalizi kabla ya Novemba. Redieta iwe na mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na dawa ya kuzuia kuganda, ambao hustahimili hadi karibu nyuzi -37 za Selsiasi. Wengi wa kusini huongezea maji matupu kila yakipungua, na maji yakiganda hupasua bloku ya injini. Betri ipimwe kwa mashine, isipimwe kwa kusikiliza kama gari linawaka. Maji ya kuoshea kioo yawe ya aina isiyoganda kwa baridi. Matairi yawe na meno. Ingiza senti moja kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha Lincoln kikiangalia chini, na ukiona kichwa chote, tairi limekwisha. Umri wake usome kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nitapimwa moshi?

Katika kaunti 13 za eneo la Atlanta, kaunti 17 za Texas zikiwemo Harris na Dallas, na sehemu kubwa ya California, ndiyo. Texas ilifuta ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida tangu Januari 1, 2025, lakini kipimo cha moshi kimebaki kwenye kaunti hizo. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, gari linaanguka hapo hapo. Muuzaji akichomoa betri ili kuizima, kompyuta ya gari huonyesha haijamaliza kujipima, na gari halipiti hadi liendeshwe siku kadhaa.

California ina kizuizi cha ziada. Gari lenye maili chini ya 7,500 ambalo halikuthibitishwa kwa viwango vya California huhesabiwa jipya, na mkazi hawezi kulisajili, isipokuwa kwa masharti machache kama kuhamia nalo likiwa limekwisha kusajiliwa kwa jina lako jimbo ulilotoka. Stika ya moshi iliyo chini ya boneti huonyesha kama lina kibali cha California. Isome kabla ya kulipa.

Nikijuta, naweza kurudisha gari ndani ya siku tatu?

Kwa kawaida hapana. Ile sheria ya serikali kuu ya siku tatu haihusu gari ulilonunua yadini. Soma karatasi iliyobandikwa kioo cha gari lililotumika: ikisema “as is”, injini ikifa kesho ni mzigo wako.

Leseni yangu ni ya Kenya au Kongo, na karatasi zangu ni za ukimbizi. Naweza kumiliki gari?

Kumiliki na kuendesha ni mambo mawili. Majimbo mengi huruhusu mtu kununua gari hata kama leseni yake bado, ila bima na usajili vinaweza kukwama. La muhimu ni majina. Jina la kwenye taito lifanane kabisa na la kwenye I-94 (rekodi ya kuingia Marekani), kibali cha kazi au leseni mpya, kwa mpangilio ule ule. Waliopewa jina moja kambini na jingine kwenye pasipoti walinganishe karatasi zote kabla ya kununua, kwa kuwa kurekebisha jina kwenye taito ya jimbo ulilokwisha kuhama ni kazi ya barua na miezi.

Niliendeshe hadi huko au lisafirishwe?

Gari lililonunuliwa wiki hiyo usilipeleke maili 1,500 moja kwa moja. Liendeshe kwanza maili mia mbili tatu karibu na nyumbani, kisha uangalie mafuta ya injini, maji, na madoa mahali linapolala. Ukilivuta nyuma ya lori la kuhamia, gari linalovuta magurudumu yote manne lipande trela nzima. Likivutwa magurudumu mawili yakiwa chini, gia zinaweza kuungua. Ukimkabidhi msafirishaji, hakikisha namba yake ya USDOT (ya usajili wa wasafirishaji kwa serikali kuu), piga picha pande zote, acha robo tangi tu ya mafuta, na usisaini karatasi ya kupokea kabla hujalizunguka gari mchana.

Pleti za zamani nizifanyeje?

Uliza jimbo ulilotoka kabla ya kuzitupa. Florida hutaka uzirudishe kabla ya kukata bima, la sivyo leseni yako inaweza kusimamishwa. North Carolina hutoza faini kwa pleti iliyobaki bila bima. Chukua risiti ya kurudisha. Badilisha pia namba ya gari na anwani kwenye akaunti ya barabara za kulipia, kwa maana bili za tozo hufuata pleti, huenda kwenye nyumba uliyohama, na faini huongezeka juu ya deni dogo ambalo hujawahi kuliona.